Mpe mzee simu, kisha utoke chumbani

Kila Oktoba 14 nchi huadhimisha Siku ya KDF. Bendi hupiga, maua huwekwa kwenye minara ya kumbukumbu, na sisi vijana mitandaoni hatubaki nyuma. Tunapachika picha za wanajeshi, tunaandika "asanteni kwa huduma yenu", tunagonga moyo mwekundu na kuendelea na shughuli zetu. Kisha Oktoba 15 inafika. Aliyevua sare miaka mitano iliyopita yuko kijijini, hajapata usingizi wa maana kwa usiku wa tatu sasa, na hakuna anayemuuliza lolote.

Leo tunataka kumzungumzia huyo, na simu iliyo mkononi mwako.

Kwanza tuelewane kuhusu watu wenyewe. Wengi wa wanajeshi wetu wastaafu si wazee kwa umri. Aliyevuka mpaka kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, Oktoba 2011, akiwa na miaka 25, hii leo hajafika 45. Tunamwita mzee kwa sababu ni baba yetu, mjomba wetu au jirani tunayemheshimu. Wengine ni akina mama. Kuna waliokuwa El Adde Januari 15, 2016, kambi iliposhambuliwa na Al-Shabaab, shambulio ambalo serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Kuna waliokuwa Kulbiyow mwaka mmoja baadaye. Na kuna ambao hawakuwahi kupigana vita vyovyote, ila kustaafu kwenyewe ndiko kulikowaangusha: juzi alikuwa sajini mwenye watu chini yake na saa ya kila kitu, leo ameketi sebuleni akisubiri chai.

Si kila mwanajeshi mstaafu ni mgonjwa, na ni makosa kumtazama kila mmoja kama bomu linalosubiri kulipuka. Wengi wanalima, wanaendesha biashara, wanalea wajukuu na kusimamia vikundi vya kijiji. Lakini kuna wanaoishi na sonona, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita tu msongo wa mawazo. Sonona si huzuni ya siku moja. Ni wiki kwa wiki ya kukosa hamu ya chakula, ya kuamka saa tisa usiku na kukodolea macho dari, ya kuacha vitu alivyovipenda, ya kujiona hana maana tena. Na kwa mtu aliyefunzwa tangu depo kwamba mwanajeshi halii, mara nyingi haitoki kwa machozi. Inatoka kwa hasira, kwa pombe, na kwa kimya. Nyumbani tunasema, "Mzee siku hizi ni mkali." Kumbe mzee anaumwa.

Kwa nini haendi hospitalini? Jibu la kwanza ni umbali. Hospitali kuu ya jeshi iko Nairobi. Wataalamu wengi wa afya ya akili wako Nairobi na katika miji michache mikubwa. Aliyestaafu akarudi Lodwar ana zaidi ya kilomita 600 za barabara kufika jiji kuu, na tiba ya mazungumzo si kama kung'oa jino, ati unaenda mara moja umemaliza. Ni vikao vya kila wiki, labda kwa miezi miwili au mitatu. Ni nani ana nauli hiyo? Ni nani ana siku hizo?

Jibu la pili ni aibu. Hapa Kenya jina Mathari, ambalo ni la hospitali ya rufaa inayotibu watu kila siku, tumeligeuza tusi. Mtu akikosana na mwenzake anamwambia arudi Mathari. Sasa mzee aliyetembea kijijini kifua mbele kwa miaka 20 ataonekanaje kwenye foleni ya kliniki ya akili, karani akimwita jina kwa sauti? Hata sheria ilikuwa ikichangia hofu hiyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo, aliyemweleza mtu wazo alilokuwa nalo usiku alikuwa na sababu ya kuogopa polisi kabla ya kufikiria daktari. Haishangazi kwamba wengi walinyamaza.

Ndiyo maana simu ni jambo la maana hapa. Kikao na mtaalamu kwa simu ya video kinaondoa nauli, kinaondoa foleni na kinaondoa macho ya majirani. Lakini wako wanaouliza: je, si longolongo? Mtu atapona vipi kwa kuongea na kioo? Swali ni zuri na lina jibu, kwa sababu limewahi kupimwa, tena kwa wanajeshi wastaafu wenyewe.

Huko South Carolina, Marekani, watafiti waliandikisha kati ya 2007 na 2011 wanajeshi wastaafu 241 wenye sonona, wote wakiwa na umri wa miaka 58 au zaidi. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikutana na mtaalamu ana kwa ana katika chumba kimoja. La pili lilikutana naye kwa simu ya video, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Wote walipata vikao 8 vya tiba ile ile, kisha wakafuatiliwa hadi mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015 katika jarida la Lancet Psychiatry: tiba ya video haikuwa duni kuliko ya ana kwa ana. Na kumbuka enzi yenyewe. Hawa hawakuwa vijana wa TikTok. Walikuwa watu wazima, na vifaa vyao vilikuwa vya kizamani ukilinganisha na simu iliyo mfukoni mwako sasa hivi.

Tiba waliyopewa haina uchawi. Sonona humfanya mtu aache mambo: anaacha kwenda shambani, anaacha kanisa au msikiti, anaacha kupokea simu za marafiki. Akishaacha, siku inakuwa tupu. Siku ikiwa tupu, sonona inazidi, naye anaacha mengine zaidi. Mtaalamu anaukata mzunguko huo kwa vitendo vidogo vilivyopangwa. Wiki hii utatembea hadi sokoni Jumanne na Ijumaa. Wiki ijayo utamtembelea mwenzako mmoja mliyetumikia pamoja. Hamsubiri hamu irudi ndipo mfanye. Mnafanya, hamu inafuata taratibu. Kila kikao wanaangalia pamoja kilichofanyika, kilichoshindikana na sababu yake. Mwanajeshi anaelewa ratiba. Ni lugha anayoijua.

Zingatia jambo moja katika utafiti huo: upande wa pili wa simu kulikuwa na binadamu. Siku hizi tunaambiwa kuna programu ya kila kitu, na vijana wengi tunamwaga siri zetu kwa roboti za mtandaoni saa nane za usiku. Programu zinaweza kusaidia. Idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani ina programu iitwayo PTSD Coach, iliyotolewa mwaka wa 2011, inayomsaidia mtu kutambua dalili za kiwewe na kutuliza mwili hofu inapomjia. Lakini mtu mwenye sonona akiachwa peke yake na programu, mara nyingi anaiacha baada ya siku chache, kwa sababu kuacha ndiyo sonona yenyewe. Binadamu anapiga simu na kusema, "Jana hukuingia kwenye kikao, uko salama?" Hapo ndipo penye dawa.

Basi tatizo la Kenya ni lipi, ikiwa tiba inafanya kazi na simu zipo kila kona? Tatizo ni nyumba.

Hebu twende pole pole. Mzee wako ana simu gani? Wengi wana ile ya vibonye, mulika mwizi, ambayo haina video. Simu ya kisasa nyumbani ni yako wewe kijana. Wewe ndiye unayemtolea pesa za M-Pesa akisahau miwani. Wewe ndiye uliyemfungulia WhatsApp, wewe unajua nywila, wewe unamsomea ujumbe. Kwa hivyo siku atakapohitaji kikao cha mtandaoni, kitapitia mikononi mwako. Na hapo ndipo kinaweza kufia.

Kwa nini? Kwa sababu katika nyumba ya vyumba viwili, ukuta ukiwa mabati, mzee atasema nini? Mtaalamu akimuuliza alichokiona usiku ule kambini, na binti yake ameketi kando akishikilia simu isianguke, atajibu, "Niko sawa, daktari." Akiulizwa kuhusu pombe, na mkewe yuko jikoni hatua tatu kutoka hapo, atajibu, "Kidogo tu." Kikao kitaisha, kila mtu atasema mzee amehudumiwa, na hakuna neno hata moja la kweli litakalokuwa limesemwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Sisi tunaongeza: wakati mwingine anayaficha kwa sababu tumemjazia chumba.

Wenzetu wa Marekani waliliona tatizo hili hili, ingawa wao ni matajiri. Kuanzia 2016 idara yao ya wanajeshi wastaafu iligawa tableti zenye intaneti kwa waliokuwa mbali na hospitali. Baadhi ya kampuni za simu zilikubali kwamba kikao cha video kisimkatie mstaafu bando. Na kwa wale ambao nyumbani hapana mtandao au hapana faragha, ulianzishwa mpango wa kuandaa vyumba vidogo vya kufungwa mlango katika majengo ya vyama vya wanajeshi wastaafu na hata ndani ya maduka makubwa. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka wa 2019 katika mji mdogo wa Eureka, jimbo la Montana. Chumba, kiti, kioo, mlango. Basi.

Sisi hatuhitaji kungoja utajiri wa Marekani. Kenya ina Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka wa 2022, kumaanisha tumeshakubali kisheria kwamba watu hawa wana madai kwetu. Tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Makaratasi tunayo. Tunachodai sasa ni mambo manne ya kawaida kabisa.

La kwanza, chumba. Huduma Centre ziko katika kaunti zote. Kila moja itenge chumba kimoja kidogo chenye kioo, mtandao na mlango unaofungika, na kibao cha mlangoni kisiandikwe "afya ya akili". Mstaafu anaingia kama mtu aliyefuata mambo ya pensheni. Hakuna atakayejua, na hakuna anayepaswa kujua. Tafadhali tusiambiwe ofisi ya chifu ingetosha. Kila mwanakijiji anajua nani aliingia kwa chifu na alikaa dakika ngapi.

La pili, bando. Kikao cha dakika 50 kwa video kinakula data, na bando likikatika katikati ya sentensi iliyomchukua mtu miaka 8 kuitamka, huenda asiitamke tena. Kampuni za simu zinazotangaza uzalendo kila sikukuu ya taifa ziuonyeshe hapa. Na aliye na mulika mwizi asiachwe nyuma: kikao kwa sauti pekee ni bora kuliko kukosa kikao.

La tatu, siri. Mstaafu anahofia jambo moja kuliko yote: kwamba maneno yake yatarudi jeshini, yafike kwa wenzake, au yatumike dhidi yake kwenye malipo yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Aelezwe kwa Kiswahili chepesi kabla ya kikao cha kwanza nani ataona rekodi zake na nani hataziona. Asipoamini hilo, mengine yote ni bure.

La nne, watu. Simu haizai wataalamu. Ikiwa ni wachache Nairobi, watakuwa wachache hata kwenye video. Lakini kuna njia ambayo jirani zetu wa Zimbabwe wameipitia. Huko Harare, tangu 2006, Dkt Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki, wakawasikiliza na kuwasaidia kutatua matatizo hatua kwa hatua. Mpango huo, Friendship Bench, ulipimwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016, na waliohudumiwa walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa nini tusiwafunze wanajeshi wastaafu wenyewe wawe masikio ya kwanza kwa simu, huku mtaalamu akiwasimamia na kuchukua kesi nzito? Sajini atamwambia sajini mwenzake mambo ambayo hatamwambia daktari wa miaka 28.

Hayo ni ya serikali na kampuni. Sasa turudi kwetu, kwa sababu ni rahisi kuandika madai na kulala.

Ikiwa nyumbani kwenu kuna mtu wa namna hii, usimwendee na mahubiri. Usimwambie, "Baba, una ugonjwa wa akili, nimesoma mtandaoni." Mwambie unachokiona: "Baba, naona hulali. Nimesikia kuna watu wanaoongea na wastaafu kwa simu. Ukitaka, nitakuunganishia." Akikataa, kubali. Rudia baada ya wiki mbili. Akina mjomba wengi hukataa mara ya kwanza ili waone kama ulikuwa unamaanisha.

Akikubali, kazi yako ni fundi mitambo, si mshauri. Chaji simu. Nunua bando. Zima jumbe zako zisije zikamrukia usoni katikati ya kikao, maana meseji za vijana tunazijua wenyewe. Mfundishe kubonyeza kitufe cha kijani na cha nyekundu, mfanye mazoezi mara mbili. Mpe visikizi, ili angalau sauti ya upande wa pili isisikike. Tafuta mahali: chumba cha kulala mchana watu wakiwa kazini, gari la jirani lililoegeshwa, chini ya mwembe mbali na nyumba. Wapeleke watoto wadogo dukani. Kisha utoke. Usisimame mlangoni. Akimaliza usimuulize, "Mliongea nini?" Muulize kama atakunywa chai.

Na simu ikirudi mkononi mwako, usipekue. Tunalisema wazi kwa sababu tunajijua. Ukimpekua mara moja akagundua, umefunga mlango ambao huenda usifunguke tena.

Kuna mipaka, na lazima tuitaje. Kikao cha mtandaoni si cha kila hali. Mtu akizungumzia kufa, akianza kugawa vitu vyake, akiaga watu bila safari, au akisikia sauti ambazo hamzisikii, hapo hatusubiri miadi ya Alhamisi. Usimwache peke yake, mwondolee vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mmpeleke hospitali iliyo karibu. Laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bila malipo, na wewe pia unaweza kuipiga ukiwa hujui la kufanya. Hapo faragha inasubiri. Uhai kwanza. Mtaalamu wa mtandaoni naye anapaswa kujua tangu kikao cha kwanza mteja wake yuko wapi na ampigie nani mambo yakiharibika. Asipouliza hayo, mtafute mwingine.

Wapo watakaosema vijana tuna shida zetu za kutosha: hakuna kazi, sisi wenyewe tunahitaji mtu wa kutusikiliza. Ni kweli, na hatudharau hilo hata kidogo. Lakini ukali wa mzee asiyelala ndio hewa ambayo wadogo zako wanavuta kila siku. Akipata nafuu, nyumba nzima inapumua. Na kijana anayemwona baba yake, mwanajeshi mzima, akikubali kuongea na mtaalamu, naye hataona haya zamu yake ikifika.

Serikali ichelewe au iwahi, kipande kimoja cha kazi hii kiko kwako tayari. Simu unayo. Ichaji, mpe, na mlango uufunge ukiwa upande wa nje.